Ukali wa Gerezani Hutoka Wapi?



Jumamosi iliyopita, baada ya darsa ya kina mama hapa mtaani Fedha, dada mmoja alibakia nyuma hali wenziwe wameshaondoka. Mwanawe wa miaka 22 yuko rumande, mwezi wa saba sasa, akingojea kesi yake. Habari zilimfikia kwamba kijana huyo amempiga mwenziwe wa seli kwa ajili ya blanketi. Baba aliposikia alisema, "Si niliwaambia? Ukali amezaliwa nao," akakataza mtu yeyote wa nyumbani kwenda kumtazama. Mama akatuuliza: "Sheikh, mwanangu huyu hakuinua mkono hata kwa wadogo zake. Ukali huu ameutoa wapi?"

Tulimjibu kwa haraka: subira na dua. Ni jawabu sahihi, lakini tulipofika nyumbani tulitambua kwamba hatukumjibu alichouliza. Makala haya ni deni letu kwake, na kwa kila nyumba iliyo na mtu wake kifungoni.

Wataalamu wa elimu ya jamii na ya nafsi wamelizungumza swali hili kwa miaka mingi, na kauli zao mashuhuri ni tatu.

Kauli ya kwanza ni kwamba ukali huingia gerezani pamoja na mtu. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, John Irwin na Donald Cressey, waliandika kwamba mfungwa haachi tabia zake langoni. Huingia na mazoea ya mtaani kwake na ya wale aliofuatana nao. Irwin aliyajua ayasemayo, kwani kabla ya kuwa profesa yeye mwenyewe alitumikia kifungo cha miaka mitano kwa wizi wa kutumia silaha. Kauli hii inakaribiana na ya yule baba, ila si moja nayo. Irwin hakusema kwamba mtu huzaliwa na ukali. Alisema kwamba hujifunza.

Kauli ya pili yasema kwamba gereza lenyewe huzalisha ukali. Gresham Sykes, aliyechunguza gereza la Trenton katika jimbo la New Jersey, alitoa kitabu mwaka 1958 akayahesabu mambo matano anayoondolewa mfungwa: uhuru, vitu na huduma alizozizoea, unyumba, mamlaka juu ya mambo yake mwenyewe, na usalama. Hebu tulitazame blanketi kwa jicho hilo. Mtu aliyeondolewa yote hayo, blanketi kwake si nguo ya kujifunika tu. Ni heshima yake ya mwisho. Huona kwamba akinyamaza leo, kesho atachukuliwa chakula. Basi hupiga, na mara nyingi kinachompigisha ni hofu zaidi kuliko chuki. Na mahabusu ana mzigo wa ziada: aliyehukumiwa huhesabu siku zake, ilhali yeye hajui ahesabu mpaka lini.

Kauli ya tatu hutazama cheo na mamlaka. Agosti 1971, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Philip Zimbardo aliwagawa vijana wa chuo kuwa askari na wafungwa wa kuigiza. Jaribio lilipangiwa majuma mawili, likasimamishwa baada ya siku sita kwa sababu "askari" walianza kuwatesa wenzao. Wengine wamelikosoa baadaye, wakibainisha kwamba askari hao walihimizwa wawe wakali. Nasi twaona ukosoaji huo unazidisha fundisho: wakubwa wakiuhimiza ukali, hata kijana mpole hupata njia ya kuufanya.

Haya hayako mbali nasi. Mwezi wa Aprili 2008 askari jela wa Kenya waligoma, wakilalamikia marupurupu na makazi duni. Askari anayedhikika naye ni binadamu, na dhiki yake humshukia aliye chini yake. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2003, Moody Awori alikuwa ameanzisha mageuzi katika magereza yetu. Wafungwa wakapata magodoro na televisheni, na milango ikafunguliwa kwa waandishi wa habari. Wapo walionung'unika kwamba wahalifu wanadekezwa. Lakini aliyemsoma Sykes atafahamu: ukimrejeshea mtu sehemu ya utu wake, umempunguzia sababu ya kuupigania kwa ngumi.

Tusifahamike vibaya. Kueleza sababu si kuhalalisha kosa. Yule aliyepigwa naye ana mama, na haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Kijana ana wajibu wa kumtaka radhi mwenziwe. Lakini nani atakayemkumbusha hayo, ikiwa watu wake wote wamemkata?

Hapa ndipo penye kazi ya familia. Hatuwezi kumtoa rumande, wala kumpa usalama wa seli. Tunaweza kumjulisha kwamba angali ni mtoto wa watu, na kwamba heshima yake haiishii kwenye blanketi. Surat al-Insan imemtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wanaolishwa kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu, na wala hapo haikutaja kwanza kuuliza kosa lake.

Basi nendeni. Chukueni vitambulisho, na ulizeni mapema siku za kuzuru na vitu vinavyoruhusiwa, kwani taratibu huweza kutofautiana. Dakika hizo chache msizimalize kwa lawama. Mpeni salamu za wadogo zake, mwelezeni habari za nyumbani, mtakeni shauri katika jambo dogo, ili ahisi kwamba neno lake bado lina uzito. Kisha mwulizeni juu ya yule aliyempiga.

Juzi tulikwenda kumwona baba. Tulikaa naye baada ya Isha, tukamweleza haya tuliyoyaandika. Alisikiliza, hakusema atakwenda. Lakini asubuhi mama alituarifu kwamba amekuta nauli imewekwa juu ya meza, ya watu wawili.

Mwenyezi Mungu awafariji walio kifungoni, awape subira wazazi wao, na azilainishe nyoyo zetu. Amin.