Jeli za Kudungwa Gotini: Tumaini na Mipaka Yake

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, goti ni chombo cha kazi. Msimu wa korosho mkulima huinama na kuchuchumaa siku nzima akiokota chini ya mikorosho. Ukifika wakati wa kuvuna ufuta, huinama tena. Umri unaposogea na goti likaanza kuuma na kulia, husemwa kwamba "mafuta ya goti yamekwisha", na hapo huanza kutafutwa sindano ya kuyarudisha.

Kinacholika hasa si mafuta, bali gegedu, yaani tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa. Sehemu yake kubwa ni maji yaliyoshikiliwa na nyuzi za kolajeni pamoja na molekuli zinazofyonza maji. Gegedu halina mishipa ya damu na seli zake ni chache. Ndiyo maana haliponi kama kidonda cha ngozi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu wa kusagika viungo, osteoathraitisi, na goti ndilo liliongoza.

Haidrojeli ni wavu wa polima unaoshika maji mengi bila kuyeyuka. Zile za kudungwa hupita katika sindano zikiwa kimiminika, kisha huganda ndani ya kiungo. Baadhi huganda kwa joto la mwili, mithili ya ute wa yai motoni. Zikishaganda, zaweza kujaza shimo katika gegedu, kubeba seli, au kuachia dawa polepole.

Hata hivyo, kujaza shimo dogo lililotokana na jeraha ni jambo moja, na kurejesha goti lililosagika lote ni jingine. Jeli nyingi za kukarabati gegedu zingali katika maabara na majaribio. Sindano za asidi ya hayaluroni, kiini kilichomo kiasili katika ute wa goti, zimetumika kwa miaka mingi. Lakini tafiti zilizozilinganisha na sindano zisizo na dawa zimeonyesha nafuu ndogo ya maumivu, wala hazijathibitika kuotesha gegedu jipya.

Kwa hiyo, kabla ya fedha za korosho kuishia katika sindano, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo matatu: dawa hiyo yaitwaje, anayedunga ana sifa gani, na nafuu yake hudumu muda gani. Sindano za steroidi hutuliza kwa majuma kadhaa, lakini zikirudiwa mara kwa mara zaweza kupunguza gegedu. Sindano isiyo safi huingiza vijidudu. Goti likivimba ghafla, likawa na joto na mgonjwa akapata homa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba yenye ushahidi imara bado ni ya kawaida: kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi, kupunguza uzito uliozidi, kutumia fimbo, na kunywa dawa za maumivu kwa ushauri wa mtabibu. Goti lililoharibika kabisa huweza kubadilishwa kwa upasuaji, huduma inayotolewa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Jeli huenda zikapata nafasi yake kesho. Goti la leo lisingoje.