Kwaresima ya Tope

Ijumaa alasiri, Laela. Mvua imekatika muda si mrefu na mawingu yanajikusanya upya. Vijana wamebeba msalaba wa mbao, waumini wanafuata nyuma, na malori yaendayo Tunduma yanapunguza mwendo kuwapisha. Katekista anataja kituo cha tatu: Yesu anaanguka mara ya kwanza. Watu wote wanapiga magoti. Hakuna anayetafuta pakavu, kwa sababu pakavu hapapo.

Mbele yangu alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni. Aliposhuka, goti la kulia lilizama topeni, akaegemeza mkono chini ili mtoto asiyumbe. Alipoinuka, kitenge kilikuwa kimeloa tope kuanzia gotini hadi kwenye pindo. Hakulipangusa. Kituo cha nne akashuka tena, na cha tano, hadi cha kumi na nne. Kitenge kile kikawa na tabaka juu ya tabaka, la chini limeshaanza kukauka na la juu bado bichi. Nimehudhuria Njia ya Msalaba katika makanisa ya mjini yenye sakafu ya marumaru. Sijawahi kuielewa kama nilivyoielewa siku ile.

Laela iko mkoani Rukwa, kilomita 95 kutoka Sumbawanga mjini, kwenye barabara ya lami inayokwenda Tunduma. Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Jumatano ya Majivu huangukia Februari au siku za mwanzo za Machi, kwa hiyo Kwaresima ya Wafipa karibu yote ni ya mvua, baridi na tope. Mahindi yamesimama shambani lakini hayajakomaa. Yale ya mwaka jana mengi yameshauzwa, tena mapema, bei ikiwa chini, kwa sababu mbolea, daftari za watoto na matibabu havingoji bei ipande. Mgeni aliyezoea kusikia Rukwa ikitajwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa inayolisha nchi hushangaa akiambiwa kwamba Machi mama wa nyumbani anapima unga kwa kikombe. Si baa la njaa. Ni miezi ya kubana.

Kanisa linataka mambo matatu wakati huu: kufunga, kusali na kutoa sadaka. Mtu wa mjini hufunga kwa kuacha nyama. Je, aliyekuwa anakula ugali na maharage tangu Januari aache nini? Nimeona watu wazima wakiacha kimpumu, pombe ya kienyeji, kwa siku arobaini, na kile ambacho kingeishia kilabuni kikaenda kununua sabuni ya mgonjwa. Wengine hupunguza mlo mmoja. Lakini kwa maoni yangu uzito wa Kwaresima ya huku uko kwenye sadaka. Kutoa bakuli la maharage mwezi Julai ni wema. Kulitoa mwezi Machi ni imani, maana anayetoa ameshachungulia ndani ya gunia na anajua kilichobaki.

Sadaka hiyo hukusanywa kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji katika miaka ya 1970. Wanajumuiya husali nyumba kwa nyumba, na wakati wa Kwaresima huangaliwa zaidi nyumba yenye mgonjwa, mjane au msiba. Wanakaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, wanasoma Neno, wanataja nia zao kwa sauti. Kila mmoja huondoka akijua nani hana kuni na nani mtoto wake anaumwa.

Wazee wa Ufipa walijua kujinyima kabla misalaba haijafika. Kwenye uwanda huu bado yapo mabaki ya malungu, tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma, na kintengwe, tanuri ndogo ya kukisafisha. Wakati wa kazi hiyo wahunzi walikaa kambini, mbali na wake zao, wakashika miiko mpaka chuma kitoke. Wamisionari wa Afrika walipofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye kupanda uwandani, hawakuwakuta watu wasiojua kwamba jambo kubwa hutanguliwa na kujizuia.

Na ipo intumba. Karibu na mwisho wa mvua, Mfipa hulima nyasi mbichi, akazirundika na kuzifukia kwa udongo hadi ziwe matuta ya mviringo. Ndani nyasi zinaoza, juu hupandwa maharage au kunde. Msimu unaofuata matuta hubomolewa, udongo ulionona husambazwa, ukapandwa ulezi. Siku hizi mahindi, plau na mbolea ya dukani vimeipunguza sana kazi hii, lakini wenye umri wanaikumbuka mikononi mwao. Waliifanya Kwaresima ikiwa imepamba moto. Padre akihubiri hapa juu ya punje ya ngano inayoanguka ardhini na kufa, hahitaji kufafanua kwa kirefu.

Lakini kuna shida ambayo mfano wa tuta hauielezi. Miezi hii ndiyo ya radi, na radi ya Ufipa huua. Jina Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi, na kifo cha ghafla huleta swali lile lile: nani amemfanyia? Swali hilo limevunja koo na limewatesa wazee wasio na kosa, hasa wanawake. Nilikaa kwenye msiba mmoja wa namna hiyo. Mdogo wa marehemu alianza kutaja majina. Bibi mmoja wa jumuiya akamshika mkono: “Mwanangu, tumwombee kaka yako kwanza. Hayo hayatamrudisha.” Rozari ikaanzishwa. Kijana alilia, akanyamaza, na usiku ule hakuna mlango wa mtu uliovunjwa. Mimi nikiulizwa tumaini la Kikristo lina sura gani Laela, nautaja mkono wa bibi yule.

Tangu Alhamisi Kuu kengele hunyamaza, ukasikika mlio wa mbao tu. Usiku wa Mkesha wa Pasaka moto huwashwa nje, mshumaa mkubwa ukawashwa hapo, na mwanga ukapitishwa mkono kwa mkono ndani ya kanisa. Aleluya iliyokuwa haijaimbwa tangu Jumatano ya Majivu hurudi na ngoma na vigelegele. Baada ya sikukuu watu wanarudi shambani, na mahindi bado hayajakauka.

Wewe mwana wa Ufipa uliyeko Dar es Salaam, Mbeya au Dodoma, umezoea kutuma pesa nyumbani Desemba ili wazazi wale Krismasi. Endelea. Ila mwaka huu gawa mara mbili, nusu nyingine uitume Machi.