WILLIE O'REE: MUCHEZAJI WA JICHO MOJA



Kila mara gazeti letu linaleta habari ya mupira wa miguu. Mara hii sisi wa mwaka wa sita tunataka kuwaeleza juu ya muchezo ambao hakuna mumoja wetu aliyeucheza, ndio hoki ya barafu, na juu ya mutu mumoja aliyeucheza miaka mingi: Bwana Willie O'Ree wa Kanada. Pengine mutasema: barafu inatuhusu nini, sisi tunaoiona tu ndani ya frigo? Muvumilie kidogo. Sababu mutaiona mwishoni.

1. Hoki ni muchezo gani?

Kule Kanada wakati wa baridi maji ya mito na maziwa yanakuwa magumu sawa simenti, hata watu wanatembea juu yake. Wachezaji wa hoki wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, sawa kisu, na wanateleza kwa mbio sana. Kiwanja cha ligi kubwa kina urefu wa metre 61 na upana wa metre 26. Kila ekipe inaingiza watu 6: mulinzi wa goli, wawili wa nyuma, na watatu wa mbele, ndio wa kushoto, wa katikati na wa kuume. Hawapigi kwa miguu. Wanapiga kwa fimbo kipande cha mupira mugumu, chenye umbo la kisahani, uzito wake gramu 170 hivi. Kikipigwa na mutu mwenye nguvu kinaweza kupita kilometre 150 kwa saa. Na wakati wa O'Ree karibu wachezaji wote walicheza kichwa wazi. Mukumbuke neno hilo.

2. Utoto wake

O'Ree alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1935 katika muji wa Fredericton, mutoto wa mwisho wa jamaa kubwa. Jamaa za watu weusi zilikuwa chache sana pale. Wazee wake wa zamani walikuwa wametoroka utumwa Marekani. Alianza kuteleza juu ya barafu akiwa na miaka 3.

Mwaka wa 1949 ekipe yake ya beziboli ilipelekwa New York, na huko alisalimiana na Jackie Robinson, aliyefungua mulango kwa watu weusi katika ligi kubwa ya beziboli mwaka wa 1947. Mutoto akamwambia: mimi ninacheza hoki pia. Robinson akashangaa, kwani hakujua kama watoto weusi wanaucheza muchezo ule.

3. Jicho

Katika musimu wa 1955-56 O'Ree alikuwa akicheza katika ekipe ya vijana ya Kitchener. Siku moja kile kisahani kiliruka na kumupiga usoni. Pua ilivunjika, na jicho la kuume liliharibika. Munganga alimwambia kwamba hataona tena na jicho lile, na kwamba hoki imekwisha kwake.

Yeye alifanya nini? Baada ya wiki chache akarudi kwenye barafu. Habari ya jicho akaificha. Sheria ya ligi kubwa ilikataza mutu aliyepoteza jicho moja asicheze. Angesema, wangemufukuza. Basi akaambia watu wachache sana, akanyamaza.

4. Usiku wa Montreal

Wakati ule ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa na ekipe 6 tu. Tarehe 18 Januari 1958 ekipe ya Boston ilikosa muchezaji, ikamuita O'Ree. Usiku ule Boston ilishinda Montreal 3 kwa 0 nyumbani kwao, na O'Ree akawa mutu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi ile. Alicheza michezo miwili tu, akarudishwa katika ekipe ndogo. Kisha wakamuita tena musimu wa 1960-61, michezo 43. Goli lake la kwanza alilifunga tarehe 1 Januari 1961, tena juu ya Montreal.

Musizani ilikuwa furaha tupu. Katika miji mingine watu walimutukana juu ya rangi yake. Kule Chicago muchezaji mumoja alimupiga na mwisho wa fimbo mupaka meno yakatoka, naye O'Ree akarudisha, wakapigana. Alieleza baadaye kwamba alipigana alipopigwa, lakini si juu ya matusi. Matusi aliyaacha yapite.

5. Fasi ya kusimama

Hapa tunaomba mufuate vizuri. O'Ree alikuwa wa mbele upande wa kushoto. Mutu anayesimama kushoto, kiwanja chote kiko kuume kwake, na wenzake wanamuletea kisahani kutoka kuume. Lakini jicho la kuume lilikuwa limekufa! Kwa hiyo kila mara ilimupasa kugeuza kichwa chote ili jicho la kushoto lione. Katika muchezo wa mbio namna ile, mutu anayegeuka anachelewa, na anayechelewa anagongwa. Katika michezo 45 ya ligi kubwa alifunga magoli 4 tu.

Mwaka wa 1961 Boston ilimuachilia, naye akaenda kucheza Los Angeles katika ligi ya chini. Kule mwalimu wa ekipe akamuhamisha upande wa kuume. Basi! Sasa kiwanja chote kilikuwa upande wa jicho zima. Katika musimu wa 1964-65 alifunga magoli 38, na tena 38 katika 1968-69. Mutu ni yule yule, jicho ni lile lile. Kilichogeuka ni fasi tu. Alicheza mupaka 1979 kule San Diego, akiwa na miaka 43.

6. Heshima ilikuja nyuma

Baada yake ligi kubwa ilikaa bila mutu mweusi mupaka 1974, alipoingia Mike Marson. Tangu 1998 ligi ilimutuma O'Ree kutembelea vijana na kuwatia moyo. Mwaka wa 2018 jina lake liliingia katika Nyumba ya Heshima ya hoki, na tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili baada ya usiku wa Montreal, Boston ilitundika namba yake 22 juu, isivaliwe tena.

7. Sababu ya kuandika

Sasa tuseme yetu. Mwaka huu mwenzetu mumoja, hatutamutaja jina, alikuwa kila mara akigeuka kuangalia daftari la jirani. Sisi tunaosimamia darasa tuliandika jina lake kwenye liste ya wenye fujo, mara tatu. Wengine wakacheka kwamba anakopi. Kumbe hakuwa anaona ubao! Aliogopa kusema, asiitwe kipofu, asiambiwe kwamba hawezi kufanya Exetat. Mwalimu alipomupeleka kwenye benchi ya mbele, points zake zilipanda, na kugeuka kukaisha.

Tulipozungumza habari ya O'Ree, wengine walisema: alidanganya kwa kuficha. Wengine wakasema: angefanya nini, na sheria ilikuwa mulango uliofungwa? Hatukupatana mupaka kengele ya kulala. Lakini juu ya neno moja tulipatana wote: mutu akiogopa kusema udhaifu wake, makosa si yake peke yake. Tumuulize kwanza: unaona? Kisha, kama ni lazima, tuandike liste.

Mwenzetu tumemuomba radhi. Na wewe unayesoma hii kwa kukaza macho, uje utuambie. Benchi ya mbele ingali na fasi.


Sisi wa mwaka wa sita