Fizi: Miti ya misitu mikavu ilihama kwa maelfu ya miaka, shoka halingoji

Huko Lusenda, wilayani Fizi, jimboni Kivu ya Kusini, wengi hupika kwa kuni na makala, wenyeji pamoja na wakimbizi wa Burundi waliopokelewa kambini tangu 2015. Lakini misitu ya pande hizo ina historia ndefu kuliko vijiji vyote vya kando ya ziwa, na historia hiyo imehifadhiwa ndani ya tope.

Unga wa maua hupeperushwa na upepo, huanguka majini na kuzama. Tope likiufunika, unaweza kudumu maelfu ya miaka. Wataalamu wamechimba tope la Ziwa Tanganyika na lile la Kashiru, katika milima ya Burundi, wakauhesabu unga huo tabaka kwa tabaka.

Walichokiona ni kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika Ulaya ya kaskazini, huku nako kulikuwa baridi na ukame. Kashiru, joto lilipungua kwa digrii 4 hivi, na mvua kwa karibu theluthi moja. Ziwa lilishuka mamia ya mita. Miti ya milimani iliteremka, na nyasi zikaenea mahali pa msitu. Joto na mvua viliporudi, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, miti hiyo ikapanda tena mlimani, nayo miombo ikatanuka chini.

Safari hiyo ilikuwa ya polepole. Ganda la mwombo likikauka hupasuka na kurusha mbegu mita chache tu. Mti mpya hukua karibu na mama yake, kisha kizazi kingine husogea hatua nyingine.

Leo hali ya hewa inabadilika kwa kasi zaidi, na njia ya mbegu imekatwa na mashamba na moto. Kusini mwa Fizi, kwenye milima ya Kabobo na hifadhi ya Ngandja, miombo bado inapakana na msitu wa mlimani. Hapo miti ingali na nafasi ya kupanda au kushuka.

Kwingine, tumaini liko kwenye visiki. Mwombo uliokatwa huchipuka tena kama mizizi haikung'olewa na moto haukurudi kila mwaka. Kisiki kikiachwa kipumzike, msitu hauhitaji kuanza safari upya.