Kwa nini spa nzuri haipigi muziki mmoja vyumba vyote?

Ukisikia wimbo uleule kuanzia mapokezi hadi kitanda cha masaji, ujue kuna jambo ambalo mwenye spa hajalifikiria. Mteja hafanyi kitu kimoja kila chumba. Mapokezi anauliza bei, kwenye kucha anapiga soga, kitandani anataka kusahau dunia. Muziki unaofaa sehemu moja unaweza kuharibu nyingine, na saa ya mapumziko ikishaharibika hairudi.

Anza na mwili, si ladha ya bosi

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kasi ya muziki nayo hupimwa kwa mapigo ya dakika moja. Amapiano nyingi huzunguka 112, singeli huvuka hata 200.

Mwaka 2006, jarida la kitabibu la Heart lilichapisha utafiti ulioongozwa na Luciano Bernardi wa Italia. Watu 24 walisikilizishwa aina sita za muziki. Muziki wa kasi uliharakisha pumzi na mapigo ya moyo, na kilichochangia zaidi kilikuwa kasi yenyewe kuliko aina ya muziki.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa hili: kwenye dakika 2 za ukimya zilizowekwa katikati, miili ilitulia kuliko hata kabla muziki haujaanza. Yaani ukimya nao ni sehemu ya huduma.

Mapokezi: taratibu, lakini pachangamke

Hapa nyimbo zenye maneno hazina shida, mradi watu wawili waweze kuongea bila kupaza sauti. Utafiti wa Ronald Milliman wa mwaka 1982 kwenye supamaketi ya Marekani ulionyesha kuwa muziki wa taratibu uliwafanya wateja watembee polepole, na mauzo yakawa makubwa kuliko ulipopigwa wa kasi. Spa yenye rafu ya mafuta na sabuni ina cha kujifunza hapo.

Kucha na nywele: ruksa bongo fleva

Hii ni sehemu ya stori. Rhumba, bongo fleva, taarab, vyote vinakubalika. Cha kuangalia ni sauti isipenye ukutani kwenda chumba cha jirani ambako mtu amelala.

Masaji: achana na maneno

Ukielewa maneno ya wimbo, akili huyafuata. Mteja akisikia mipasho, badala ya kulegea ataanza kumuwaza jirani yake. Ndiyo maana chumba hiki hufaa ala tupu, zenye mapigo kama 60 hadi 70 kwa dakika, zisizopanda ghafla.

Si lazima iwe piano au filimbi za Asia. Taarab ya Zanzibar ina bashraf, vipande vya ala bila uimbaji, na udi au ganuni ikipigwa peke yake hutuliza sana. Chagua vile vya mwendo wa polepole. Kwa mtalii aliyefika Unguja, hiyo ni sehemu ya safari yenyewe.

Mambo mengine ya kuzingatia:

• Orodha iwe ndefu kuliko huduma. Kwa masaji ya dakika 60, andaa walau dakika 75, isije ikakatika njiani.

• Acha dakika chache za mwisho ziwe kimya.

• Muulize mteja mapema: "Muziki au kimya?" Wapo wasiotaka kabisa.

• Badilisha orodha mara kwa mara. Mteja anaisikia mara moja, mhudumu anaisikia kutwa nzima.

Sauna na mvuke: okoa spika

Joto la sauna mara nyingi huvuka nyuzi 70, na chumba cha mvuke kimejaa unyevu. Simu na spika za kawaida hazidumu humo. Tumia spika zilizotengenezwa kwa mazingira hayo, au acha pawe kimya. Na kama spa iko ufukweni, kufungua dirisha ni bora kuliko kupiga mawimbi ya kurekodi.

Akaunti ya simu yako haitoshi

Spa nyingi ndogo hutegemea simu ya mhudumu. Matokeo yake, tangazo la kubeti au mlio wa WhatsApp unamzindua mteja. Tenga kifaa cha muziki tu, kisicho na laini.

Kuna suala la sheria pia. Masharti ya Spotify, kwa mfano, yanaruhusu matumizi binafsi, si ya biashara. Kupiga nyimbo za watu mbele ya wateja kunahitaji kibali ili wasanii wapate mirabaha. Kwa Tanzania Bara anzia COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, na Kenya waulize KECOBO mashirika yenye leseni ya kukusanya mirabaha hiyo.

Jaribio la dakika 5

Kabla ya kufungua, simama koridoni. Ukisikia nyimbo mbili kwa mpigo, punguza sauti. Kisha lala kwenye kitanda cha masaji. Spika inayosikika vizuri ukiwa umesimama inaweza kuwa inapiga kelele sikioni mwa aliyelala, na huyo ndiye aliyelipa.