Chanjo ya Dengi: Mbona Sisi Hatuchanjwi?

Tukipita shuleni Kahe kuzungumzia mbu, swali hili halikosi: "Dada, nasikia chanjo ya dengi ipo. Mbona sisi hatuletewi?" Wengi wanadhani jibu ni hela tu. Hapana. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya damu yako.

Virusi vya dengi ni vya aina nne. Ukiugua aina moja ukapona, mwili unabaki na askari, yaani kingamwili, wanaoijua sura ya adui yule. Aina hiyo haikusumbui tena. Je, ikija aina nyingine? Askari wanaifananisha na ile ya zamani, wanaikamata, lakini hawawezi kuiua. Kibaya zaidi, wanaingia nayo mpaka ndani ya chembe nyeupe za damu, na humo virusi vinazaliana kwa fujo. Ndiyo maana dengi kali, ile ya kutokwa damu na hata kuua, huwapata zaidi wanaoambukizwa mara ya pili.

Sasa fikiria chanjo. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi kwa chanjo iitwayo Dengvaxia. Watoto zaidi ya 800,000 wakachanjwa. Novemba 2017 watengenezaji, kampuni ya Sanofi, wakatangaza kwamba aliyewahi kuambukizwa dengi chanjo inamkinga, lakini kwa yule ambaye hajawahi, inakuwa kama ndiyo dengi yake ya kwanza. Akiumwa na mbu mwenye virusi baadaye, anaweza kuugua vibaya kuliko kama asingechanjwa! Mpango ukasimamishwa. Wazazi wakaogopa, wengine wakakataa hata chanjo ya surua, na hiyo ni sababu mojawapo ya mlipuko wa surua wa mwaka 2019 ulioua mamia ya watoto huko. Mimi naona hasara hiyo ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Chanjo iliyofuata, Qdenga, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 wapewe watoto wa miaka 6 hadi 16, sindano mbili zilizoachana miezi mitatu, lakini pale tu ambapo dengi imeenea sana. Je, Kahe ni mahali kama hapo? Huwezi kujibu kwa kubahatisha. Lazima watu wapimwe damu.

Na kubahatisha ndiko tunakokujua sana. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi, hapo Moshi mjini. Zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, wenye malaria walikuwa 14 tu! Wengine walikuwa na magonjwa ya bakteria, na karibu 8 katika kila 100 waliopimwa chikungunya walikutwa nayo. Huo ni ugonjwa unaoenezwa na mbu yuleyule wa dengi. Mwaka 2019 dengi yenyewe iliwapata watu zaidi ya 6,000 nchini, hasa Dar es Salaam na Tanga. Reli ya Tanga inapita Kahe, na abiria mwenye virusi hana alama usoni.

Halafu tusisingizie mashamba ya mpunga kwa kila kitu. Majaruba huzalisha mbu wa malaria, wanaouma usiku. Mbu wa dengi ana mistari myeupe miguuni, huuma mchana, na hutaga kwenye pipa la maji lisilofunikwa, tairi bovu, au kopo nyuma ya jiko.

Watoto wachanga je? Mama aliyewahi kuugua dengi humpa mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma. Miezi ya mwanzo zinamlinda. Zikipungua zinageuka wale askari wasioweza kuua, na huko Thailand watoto wa chini ya mwaka mmoja wameugua dengi kali ingawa ni mara yao ya kwanza. Mama akiugua karibu na kujifungua, anaweza kumwambukiza mtoto. Kichanga mwenye homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mjamzito hachanjwi Qdenga, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Usiichanganye na sindano ya pepopunda anayochomwa kliniki. Hiyo haina kijidudu hai, na imeokoa vichanga wengi mno. Kwa hiyo akitokea mtu anamwambia shangazi yako eti chanjo zote ni mbaya kwa mimba, mwulize anasema chanjo ipi.

Ukipata homa, nenda ukapimwe. Kipimo kikionyesha huna malaria, usikimbilie dawa mseto dukani, na usimeze aspirini wala diklofenaki, maana kama ni dengi zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Meza panadoli, kunywa maji mengi. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, rudi hospitali haraka.

Na watafiti wakija shuleni kuomba damu kidogo, waulize itapimwa nini, itatunzwa wapi, na majibu mtapewa lini. Kukataa ni haki yako. Kama hujafika miaka 18, mzazi au mlezi lazima aridhie kwanza.