AKIKARIPIWA KAZINI, NANI HUUMIA ZAIDI?

Maneno makali hayavunji mfupa, walisema wahenga. Lakini huvunja kazi, na mwenye kazi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Chukua mfano wa kibarua anayepalilia miwa kwa kipande huko Matete, katika Kaunti ya Kakamega. Nyapara amfokee mbele ya wenzake kwamba mstari wake una magugu. Akiwa mwanamume, huenda akajibu papo hapo, na kabla ya saa sita akawa amefutwa. Akiwa mama wa watoto, huenda akanyamaza, akarudia mstari ule, hata kama kosa si lake. Ndipo watu husema wanaume wana kiburi na akina mama wana roho nyepesi.

Je, ni kweli? Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Tomi-Ann Roberts na Susan Nolen-Hoeksema, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanawake hubadilisha maoni juu ya kazi yao baada ya kukosolewa kuliko wanaume. Uchunguzi wao wa 1994 ulieleza sababu: wanawake huyaona maneno ya mkosoaji kuwa habari ya kuwafaa. Huo si unyonge, msomaji, ni kusikiliza.

Tena karipio lenyewe halilingani. Mwaka 2014, Kieran Snyder alikusanya taarifa 248 za wakubwa kuhusu wafanyakazi wao huko Marekani. Lawama zilikuwamo katika taarifa 59 kwa kila 100 za wanaume, na 88 kwa kila 100 za wanawake. Wanawake walilaumiwa hata kwa tabia zao, wanaume zaidi kwa kazi.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu amweleze kwanza sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi naye ana haki ya kuwa na mwenzake pale, na kusikilizwa.

Basi, wanyapara na wakubwa wa ofisi, mwiteni mtu kando mmwonyeshe magugu, si maumbile yake. Nawe ndugu, sikiliza kabla hujajibu. Nawe dada, kama kosa si lako, sema. Mficha uchi hazai.